Shangazi, mke wangu anaionea aibu kazi yangu ya kupeleka vifurushi

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamume wa miaka 34, nina mke na watoto wawili. Kazi yangu ni udereva wa kupeleka vifurushi. Asubuhi napakia gari, mchana kutwa nazunguka nyumba hadi nyumba, jioni narudisha gari pamoja na vile vichache ambavyo wenyewe hawakupatikana. Nimeifanya kazi hii kwa miaka kadhaa na naipenda. Sisemi naivumilia, Shangazi. Naipenda.

Nikueleze kidogo usije ukadhani natia chumvi. Gari nalipakia mwenyewe, kinyume cha safari: kitakachoshuka mwisho ndicho kinachotangulia kuingia. Vizito chini, vya kuvunjika juu, na vyote nivibane visicheze. Najua geti gani kengele yake imekufa, ghorofa gani lifti yake ni ya kubahatisha, mbwa gani hubweka tu na yupi anauma kweli. Mvua ikinyesha siachi mzigo wa mtu ulowe mlangoni, nautafutia mahali pakavu kisha nampigia mwenyewe nimwambie ulipo. Kuna mama mmoja ana kisukari na huletewa insulini. Nikiona sanduku lake kwenye mzigo wangu, nageuza njia nzima nianzie kwake, hata kama simu ya kazini inanielekeza kwingine. Siku moja aliniambia, "Zamu ikiwa yako, mwanangu, sina wasiwasi." Maneno hayo nilishinda nayo kutwa nzima.

Tatizo liko nyumbani. Mke wangu ni mtu mwema na hatugombani kwa ajili ya fedha. Lakini kazi yangu haitaji mbele za watu. Rafiki zake wakimuuliza, husema niko "kwenye usafirishaji", kisha anageuza mazungumzo. Ameniomba nisiende kuchukua watoto shuleni nikiwa na jaketi la kazi. Hivi karibuni, kwenye shughuli ya familia, mama mkwe alinitambulisha kwa wageni kwamba nina ofisi yangu. Sina ofisi. Nilinyamaza kwa heshima, lakini nilipomtazama mke wangu aliinamisha uso.

Kilichoniumiza zaidi ni cha kijana wetu wa miaka 11. Alileta fomu ya shule niitie sahihi. Penye kazi ya baba aliandika "mfanyabiashara", kwa mwandiko wake mwenyewe. Nikamuuliza kwa nini. Akanijibu, "Si ndivyo tunavyosema?" Fomu hiyo iko mezani, sijaitia sahihi, na inatakiwa shuleni mwisho wa wiki.

Sasa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, amenitafutia nafasi ofisini kwao: kukaa mapokezi na kuandika wageni wanaoingia na kutoka. Mshahara ni mdogo kuliko ninaopata sasa, lakini mke wangu anasema angalau ni ofisini. Nimesoma mpaka chuo, na hilo ndilo ndugu wanalolirudia kila siku: "Ulisoma yote yale uje kubeba maboksi?" Shemeji anasubiri jibu.

Nakosea kujivunia kazi hii? Nikichukue hicho kiti ili nyumba itulie? Na mke wangu nimwambieje bila kumuumiza?

Ni mimi,
Dereva wa vifurushi

---

Marahaba mwanangu,

Hukosei. Nimelitanguliza hilo kwa sababu barua yako yote inasomeka kama ya mtu anayeomba ruhusa ya kupenda jambo analolifanya vizuri. Ruhusa hiyo huihitaji kwangu wala kwa mtu mwingine.

Na kiti cha mapokezi usikichukue kwa sababu ulizonipa. Mtu akihama kazi kwa ajili ya mshahara, afya, watoto, au kwa kuwa amechoka tu, ana sababu ya kusimamia. Wewe utakuwa umehama ili wageni wa mama mkwe wasikie neno "ofisi". Utaamka kila siku kwenda kukaa mahali ulipokwenda kwa ajili ya masikio ya watu, tena kwa ujira mdogo zaidi. Haitapita miezi mingi utaanza kumnunia mkeo, naye hatajua amekukosea nini.

Hao wanaokuuliza kama ulisoma ili ubebe maboksi hawaijui kazi yako. Chukua hilo la kupanga safari peke yake. Nyumba 10 tu, ukitaka kuamua uanzie ipi na umalizie ipi, mipangilio inayowezekana ni 3,628,800. Zikiwa 20, idadi ya mipangilio ina tarakimu 19. Wanahisabati wamelihangaikia fumbo hili tangu karne iliyopita, na mpaka leo hakuna aliyepata njia ya haraka inayohakikisha jibu bora kabisa kila mara vituo vikiwa vingi. Programu iliyo kwenye simu yako ya kazini inakadiria, na inakadiria vizuri, lakini haijui kengele gani imekufa. UPS, kampuni ya vifurushi ya Marekani, kwa miaka mingi imepanga njia za madereva wake ziepuke kupinda kushoto kadiri inavyowezekana. Kule magari hupita kulia, kwa hiyo anayepinda kushoto hukatiza mbele ya wanaokuja na kupoteza muda akisubiri. Kampuni yenye maelfu ya magari imekaa ikaumiza kichwa kwa ajili ya kona. Wewe kona hizohizo unaziwaza kila asubuhi unapopakia. Chuo hakikupotea, kiko humo.

Kwenye insulini nataka nikae kidogo. Insulini ambayo haijaanza kutumika hutunzwa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Ikipata joto kali hupungua nguvu, na ikiganda haifai tena hata ikiyeyuka. Mara nyingi kwa macho huwezi kuitambua iliyoharibika, kwa hiyo mgonjwa ataichoma akiamini amejitibu. Kiwanda kinaweza kufanya kila kitu sawasawa, duka la dawa nalo likafanya sawasawa, halafu sanduku likasahauliwa nyuma ya gari lililofungwa, kwenye jua, mchana kutwa. Mtu wa mwisho kulishika kabla halijamfikia mgonjwa ni wewe. Yule mama aliposema hana wasiwasi hakuwa anakupa maneno ya adabu tu, alikuwa anazungumzia uhai wake.

Ila hapo nina ombi. Jambo hilo unalifanya kimyakimya, kinyume cha maelekezo ya simu. Siku ukiumwa, mwenzako atafuata simu. Zungumza na msimamizi wako, mwambie masanduku ya dawa za baridi yawekewe alama na yapangwe mwanzoni mwa safari, awe nani dereva wa siku hiyo. Unachokijua kikibaki kichwani mwako kinamsaidia mama mmoja, tena siku za zamu yako tu.

Kuhusu sifa za watu nitakupa kisa cha kweli. Januari 1925, mji wa Nome huko Alaska uliingiliwa na dondakoo, ugonjwa unaoziba koo na uliokuwa ukiua watoto. Dawa ilisafirishwa kwa treni mpaka Nenana, na safari ya treni ikaishia hapo. Mbele yake kulikuwa na theluji. Waendesha sleji 20, yaani vyombo visivyo na magurudumu vinavyoteleza juu ya theluji, na mbwa wao wanaovivuta, wakapokezana mzigo huo kwa takriban kilomita 1,085, usiku na mchana, na ukafika kwa muda wa siku tano na nusu. Aliyekatiza kipande kirefu zaidi, tena cha hatari kuliko vyote, aliitwa Leonhard Seppala, na mbwa aliyeongoza sleji yake aliitwa Togo. Aliyeuingiza mzigo mjini, kwa kipande cha mwisho, ni Gunnar Kaasen na mbwa wake Balto. Kabla mwaka haujaisha, sanamu ya Balto ilikwisha kusimamishwa New York. Simwonei Balto wivu, alifanya kazi yake. Lakini tazama jinsi sifa zilivyomwendea aliyeonekana akiingia, na dawa ingekuwa haijafika kama si wale wengine wote gizani huko nyuma. Hesabu ya sifa na hesabu ya kazi hufanywa na watu tofauti. Wageni wa mama mkwe wanafanya ya kwanza. Ya pili anaifanya yule mama wa insulini.

Tena si mbali tulipoliona hili wote. Mwaka 2020, dunia ilipojifungia ndani kwa sababu ya korona, nchi nyingi ziliiweka kazi ya kupeleka mizigo kwenye orodha ya kazi zisizoweza kusimama. Wengi wa hao wanaokuonea aibu leo walikuwa wakichungulia dirishani kuona kama gari la vifurushi limefika.

Sasa mkeo.

Sidhani anakudharau. Umeniandikia mwenyewe kwamba mama yake alipotoa ule uongo yeye aliinamisha uso. Mwenye dharau angeufurahia, au angeuongezea chumvi. Mimi namwona mwanamke aliyebanwa kati ya mume anayempenda na watu ambao maneno yao bado yanamtisha. Kwa hiyo usiende kwake na mashtaka. Ukianza na "kwa nini unanionea aibu", atajitetea, utajibu, na mtalala mmepeana migongo. Tafuta saa watoto wamelala, simu ziko mbali, umuulize hivi: "Kwenye kazi yangu, kitu gani kinakutia hofu?" Halafu nyamaza. Nyamaza kweli, hata akikaa kimya muda mrefu.

Nakwambia uulize hofu kwa sababu mara nyingi aibu ndiyo inayosemwa na hofu ndiyo iliyolala chini yake. Mke wa dereva ana mengi ya kuhofia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka. Kila unapochelewa, ana haki ya kuangalia saa. Anajiuliza mgongo wako utabeba maboksi mpaka lini. Anajiuliza mkizeeka mtakula nini. Huenda neno "ofisini" kwake lina maana ya mume anayerudi salama jioni. Ikiwa ndivyo, anakupenda, ila amelisema kwa lugha iliyokuumiza, na nyinyi wawili mmekuwa mkibishana juu ya jaketi wakati jambo lenyewe ni jingine.

Majibu ya hofu hiyo uwe nayo mkononi. Mwambie saa zako za kazi zina mwisho. Watafiti wamepima wakaona kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo huwa mzito wa kuitikia kama mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 kwenye damu, kiwango ambacho katika nchi nyingi kinatosha kumshtaki dereva. Kwa hiyo msimamizi akikuomba uongeze mizunguko ya usiku baada ya kutwa nzima, unakataa, na mkeo ajue kwamba unakataa. Mwambie simu huishiki gari likitembea, unasimama pembeni kwanza. Mwambie mzigo mzito unauinua kwa kukunja magoti na kuukumbatia karibu na mwili, na uliokuzidi unaomba mtu. Mambo haya kwako ni ya kila siku, lakini inawezekana hujawahi kumsimulia hata moja.

Na hapa nitakuwa mkali kidogo, kwa kuwa ndipo barua yako iliponitia wasiwasi. Umenieleza lifti, kengele na mbwa. Hujaniandikia hata neno moja juu ya mkataba wako. Ukiteleza ngazini na boksi la mtu ukavunjika mguu, nani anakutibu, na siku za kitandani nani anazilipa? Una bima? Una likizo ya malipo? Kuna akiba ya uzeeni inayokatwa na mwajiri naye akiongezea ya kwake? Mafuta na matairi ni ya nani? Umeandikwa kuwa mwajiriwa, au karatasi inakuita mkandarasi huru ilhali wao ndio wanaokupangia saa, njia na sare?

Swali hilo la mwisho si dogo. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba madereva wa Uber, walioitwa watu wanaojiajiri, walikuwa na haki za wafanyakazi, yakiwemo malipo ya kima cha chini na likizo ya malipo. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya nao ulipitisha sheria kuhusu kazi zinazopangwa kwa programu za simu, ili anayesimamiwa kama mwajiriwa asinyimwe haki za mwajiriwa kwa jina tu. Kwenu sheria inaweza kuwa nyingine. Isome, au mtafute mtu wa chama cha wafanyakazi akusomee.

Nalisisitiza hili kwa sababu wapo waajiri wanaompenda sana dereva anayependa kazi yake, kwa kuwa haulizi. Anashukuru kwa kupewa gari tu. Fahari yako wasiitumie kujazia pengo la mshahara. Anayejua thamani ya anachokifanya ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kukaa na mwajiri, kwa utulivu, na maswali yake yameandikwa kwenye karatasi. Na majibu utakayopata mpelekee mkeo. Yakiwa mazuri, hofu yake itapungua kuliko kwa hotuba yoyote utakayompa juu ya heshima ya kazi. Yakiwa mabaya, basi mna jambo la kweli la kujadili, na hata mkiamua utafute mwajiri mwingine, utakwenda ukiwa dereva.

Kijana wenu msimgombeze. Hakubuni uongo, alirudia alichokisikia, na jibu lake lilikuwa la mtoto mwaminifu: ndivyo mnavyosema. Zungumza na mkeo kwanza, kabla fomu haijatakiwa, ili mtoto asijikute katikati yenu. Mkishaelewana, kaeni naye wote wawili. Mama yake ndiye amwambie, "Tulikosea kusema vile, baba yako ni dereva wa vifurushi." Neno hilo likitoka kwa mama litakuwa na uzito ambao wewe huwezi kuupata. Afute, aandike upya, utie sahihi. Kisha mchoree nyumba 10 kwenye karatasi, mbili zina dawa ya baridi, moja mwenyewe hutoka kazini jioni, nyingine geti hufungwa mchana, umwambie apange safari. Mwache ahangaike. Huyo ana umri wa kupenda fumbo gumu, na ataielewa kazi ya baba yake haraka kuliko ndugu wote waliosoma chuo.

Jaketi la kazi lifue, livae, nenda nalo shuleni. Hili najua mkeo ameliomba, kwa hiyo liwe sehemu ya mazungumzo yenu, usimshtukize. Lakini kwangu mimi ni jambo la kusimamia, kwa kuwa watoto wenu wanaona lini unalivaa na lini unalivua.

Mama mkwe usimsahihishe mbele ya wageni, hata akisema una jengo zima. Mtoto wake ndiye azungumze naye, faraghani, akiwa tayari. Wewe mgeni akikuuliza ana kwa ana unafanya kazi gani, mjibu, "Mimi ni dereva, napeleka vifurushi," kwa sauti ileile unayotumia kusema jina lako. Usiongezee "kwa sasa". Usiongezee "lakini nimesoma". Wengi wataendelea na mazungumzo yao, na mmoja atakuuliza kifurushi chake kilichopotea.

Kuna watakaokushauri uwaambie watu kwamba siku moja utamiliki magari yako au utakuwa msimamizi. Ukitaka kupata leseni ya magari makubwa, au kuhamia kwenye kupanga safari za wenzako, ni vizuri, na mkeo atafurahi kujua njia hizo zipo. Lakini usizitaje ili kuipa kazi ya leo udhuru.

Limebaki la shemeji. Ukishazungumza na mkeo, mpigie wewe mwenyewe, usimtume dada yake. Mshukuru kwa dhati, maana kumtafutia mtu nafasi ya kazi ni kumjali. Mwambie umefikiri na unabaki kwenye udereva, na kwamba hiyo nafasi ampe mwingine mapema, wapo wengi wanaoihitaji na ambao wataifurahia. Akikuuliza sababu, una aya nzima ya barua yako ya kumsomea, ile ya gari na namna unavyolipakia.

Wako,
Shangazi